Katani Ndani ya Bomba la Baridi

Kwa miaka kumi na mmoja Shivachi hakukanyaga Kawangware. Si kwamba ni mbali. Kutoka gereji yake ya Kibera mtu akivuka barabara ya Ngong, akapita Dagoretti Corner, anafika kabla jasho halijamtoka vizuri. Lakini kazi ikitokea upande ule, Shivachi alimpa fundi mwingine. Mkewe Nekoye akimwambia waende pamoja soko la Kawangware, ambako viazi vilikuwa vizuri, alikumbuka ghafla kwamba kuna gari linamngoja. Watu wa gereji walisema kuna mwanamke kule anayemkwepa. Walimcheka, naye akawaacha wacheke, maana heri hiyo kuliko ukweli.

Aliyekuwa Kawangware ni Muia.

Shivachi aliingia Nairobi mwaka wa sitini na mbili akitoka Khayega, kijana wa kubeba mabomba ya maji kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Kazi yake ya kwanza aliijulia hapo. Alijua kukata bomba, kulichonga meno, kuzungushia nyuzi za katani kwenye meno, kupaka rangi juu ya katani, halafu kukaza mpaka mshipa wa shingo usimame. Bomba lililofungwa hivyo halivuji. Mpaka uzee wake alikuwa akipita karibu na nyumba zile za reli anaonyesha kwa kidole, anasema, "Mle ndani kuna mkono wangu."

Baadaye akaandikwa kwenye ghala moja la nyama Industrial Area, la kuhifadhi kwa baridi, na huko ndiko alikokutana na Muia, Mkamba wa Mwala, mwembamba, wa maneno machache na vidole virefu kama vya mpiga gita. Geji za kupimia gesi zilikuwa za mzungu wa zamu na zilifungiwa kabatini. Mzungu akichelewa, nyama haimngoji. Basi Muia akajifundisha kusoma bomba kwa mkono. Alishika bomba linalorudi kwenye kompresa, mashine inayosukuma gesi, akafumba macho, akasema gesi imepungua au imezidi, na mzungu alipokuja na geji zake alikuta ni hivyo hivyo.

Mwaka wa sitini na tisa wakaacha kazi pamoja, wakafungua gereji yao Kibera, mabati matatu juu ya nguzo, kati ya Jeconia mchomeaji vyuma na Awiti fundi wa viti vya gari. Walitengeneza friji, na zaidi ya friji walitengeneza mashine za baridi za magari. Jeconia aliwatania kila siku.

"Nairobi yenyewe ni friji," alisema. "Nyinyi mnauza baridi kwa watu wanaovaa sweta mwezi wa saba."

"Hawa watu wanaenda Mombasa," Shivachi alimjibu. "Wewe hujawahi kufika hata Athi River, utajua nini."

Kazi ilikuja. Madaktari, watu wa balozi, Wahindi wenye viwanda. Waligawana kazi hivi: Shivachi anafungua, anatafuta ugonjwa, anabadilisha, anafunga. Muia anavuta hewa na kutia gesi. Kuvuta hewa ni kazi ya uvumilivu. Walikuwa na kompresa ya friji kuukuu waliyoigeuza. Inafyonza bomba la gari mpaka ndani pasibaki hewa wala unyevu. Unyevu ukibaki, gesi ikipita kwenye tundu dogo lile ambapo baridi huzaliwa, maji yanaganda, tundu linaziba, na baridi inakufa. Kwa hiyo Muia alivuta saa mbili, hata tatu, ameketi kwenye debe, anasikiliza mashine ikihema.

Halafu gesi. Shivachi anashika koki ya mtungi, Muia anashika bomba.

"Bado," Muia anasema, macho yamefumba. "Bado. Bado kidogo. Funga."

Na gari likaenda Mombasa na kurudi baridi.

Wake zao walijuana, watoto wao walikula sahani moja. Mama Mutheu, mke wa Muia, ndiye aliyemfunga Jentrix, binti wa Shivachi, mgongoni siku ambayo Nekoye alikuwa hospitali. Muia alihamia Kawangware kwa sababu nyumba ilikuwa na nafasi ya kuku, lakini kila asubuhi alikuwa Kibera kabla Shivachi hajafungua kufuli.

Mwaka wa sabini na nne daktari mmoja alileta gari lake, Pijo 504 nyeupe, bado mpya mpya. Gesi ilikuwa inavuja kwenye maungio, nyuma ya dashibodi. Nati ilikuwa imelika meno. Nati nyingine ilibidi iagizwe ng'ambo, na daktari alikuwa na safari ya Mombasa Jumamosi na watoto. Shivachi alifikiri kidogo, halafu akaenda kwenye sanduku lake la zamani, akatoa katani na mkebe wa rangi ya kijani.

Muia alimtazama akizungushia.

"Fundi," alisema, "hii ni ya maji ama ni ya baridi?"

"Bomba ni bomba. Wewe vuta hewa yako."

Wakacheka. Muia akavuta hewa saa mbili. Shivachi alikuwa ameketi ameegemea gurudumu la Pijo hiyo hiyo, anakula githeri, anasikia mashine ikihema mpaka mwisho. Walitia gesi, baridi ikaja kali, daktari akafurahi.

Jumanne daktari alirudi. Hakusalimu mtu. Alisema baridi ilikufa Mtito Andei. Walipumzika, ikarudi, ikafika Voi ikafa tena, na watoto wakalia mpaka Mombasa. Aliongea kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, na gereji yote ikaacha nyundo. Jeconia aliinua miwani yake ya kuchomea. Awiti alitoka na sindano mkononi.

Shivachi aliwasha gari, akangoja, akaingiza mkono chini ya dashibodi. Pale penye tundu palikuwa na barafu nyeupe kama unga. Kila fundi wa baridi anajua barafu hiyo. Ni unyevu. Na unyevu ni kazi ya nani?

Akainuka. Daktari alikuwa anamngoja aseme kitu, na watu wote walikuwa wanangoja.

"Ni huyu," Shivachi alisema. "Ni mvivu. Nilimwachia kazi ya saa mbili, akafanya ya dakika kumi akaenda kulala."

Muia alimtazama kwanza kama mtu anayedhani ni mzaha.

"Nilivuta saa mbili," alisema. "Wewe ulikuwa hapo."

"Sikuwa hapo," Shivachi akasema.

Maneno mawili tu. Yalimtoka kabla hajayapima, na yalipotoka hakuyarudisha. Muia alipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole kama kawaida, akakitundika kwenye msumari wake, akashika njia. Hakuchukua hata spana yake.

Daktari alikataa gari lifunguliwe tena. Alisema atafungua madirisha kama watu wengine, akaondoka nalo. Lakini alizungumza na madaktari wenzake, na gereji nyingine zenye kazi ya baridi zilipomuuliza Shivachi kuhusu Muia, yeye alisema, "Si mbaya, lakini ni mzembe." Alisema hivyo mara tatu, labda nne. Baada ya hapo hakuna aliyemwandika Muia. Habari zikaja kwamba yuko Kawangware, anagonga mabati.

*

Pijo ilirudi mwaka wa themanini na tano.

Aliyeileta alikuwa dereva anayeitwa Okello, kijana wa Gem mwenye domo, na gari sasa lilikuwa la bwana wake Nicanor, ambaye alikuwa na duka la vitanda karibu na mtaa wa Ayany. Rangi nyeupe ilikuwa imegeuka ya maziwa ya jana. Mlango mmoja ulikuwa wa gari jingine.

"Sasa mzee," Okello alisema. "Hii kitu inapumua moto kama ng'ombe mgonjwa. Nicanor anataka kumpeleka mama yake Busia Jumamosi. Mama ana pumu. Tukifungua dirisha, vumbi inamuua. Tukifunga, joto inamuua. Nicanor amesema fanya, ama mama ataenda na treni na atatutukana mpaka Malaba."

Shivachi hakuwa akimsikiliza. Alikuwa anatazama namba ya gari. Halafu aliinama chini ya dashibodi, akaona skrubu ya kufungia mbao mahali ambapo palitakiwa skrubu ya chuma. Aliitia yeye mwenyewe, kwa haraka, miaka kumi na mmoja nyuma.

"Kwani unaijua?" Okello aliuliza.

"Nimewahi kuiona."

Alianza mwanzo, kama anavyoanza siku zote. Aliwasha injini, akabonyeza kidude cha baridi, akasikiliza. Sumaku ya kompresa iligonga, tak, kompresa ikazunguka. Basi umeme uko sawa. Mkanda ulikuwa na nyufa lakini ulishika. Feni ya mbele ilivuta upepo. Alishika bomba la kwenda, akashika la kurudi. Yote mawili yalikuwa vuguvugu, kama maji ya kuogesha mtoto. Gesi ilikuwa imekwisha.

Alitia gesi kidogo ya kutafutia, akakoroga povu la sabuni kwenye kopo, akapaka kwa brashi kila ungio, moja baada ya jingine, na kila moja akalingoja. Kwenye kompresa, pale linapoungana bomba la mpira, raba ya kuzibia ilikuwa imekauka na kupasuka, na povu likaanza kutoa viputo vidogo vidogo.

"Hapo," alimwambia Okello. "Unaona inavyopumua?"

"Kumbe ni kitu kidogo hivyo."

"Kidogo ndiyo. Lakini ndiyo inatoa roho."

Alibadilisha raba, akabadilisha chupa ya kukaushia unyevu, akaunganisha kompresa ya kufyonza. Kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumwachia, alikaa nayo mwenyewe. Alitazama saa ya mkononi. Alivuta saa tatu kamili. Kisha akatia gesi kwa geji, kwa sababu tangu Muia aondoke alilazimika kununua geji, na hakuwahi kuziamini sana.

Baridi ikaja. Okello aliweka uso mbele ya tundu la upepo, akacheka peke yake. Wakatoka kulijaribu, wakapanda barabara ya Ngong kuelekea Karen. Walipofika kwenye miti, upepo ulianza kupoteza baridi. Walipogeuza, ulikuwa wa moto tena.

"Imelala," Okello alisema.

Kwenye gereji Shivachi aliingiza mkono chini ya dashibodi. Barafu nyeupe kama unga, palepale.

Neno la kwanza lililomjia ni lile lile. Unyevu. Na kichwa chake kiligeuka chenyewe, kutafuta mtu wa kumwangalia. Hapakuwa na mtu. Kwenye debe hapakuwa na mtu. Msumari wa kitambaa ulikuwa mtupu. Aliyevuta hewa ni yeye, saa tatu kwa saa yake mwenyewe, na hapakuwa na unyevu unaoweza kubaki baada ya saa tatu.

Okello aliona fundi amekaa chini ghafla.

"Mzee, uko sawa?"

"Niletee ile spana ndogo. Hapana, hiyo nyingine. Sanduku la chini."

Ilikuwa spana ya Muia, yenye mkanda wa baiskeli umezungushwa kwenye mpini. Shivachi aliitoa gesi yote aliyoitia siku ile, akafungua bomba kwenye tundu. Kabla ya tundu kuna chujio, dogo kama kofia ya kidole ya mshonaji. Alilitoa kwa koleo, akalileta kwenye mwanga.

Lilikuwa limejaa nywele. Okello alidhani ni nywele kweli, akauliza kama panya aliingia. Lakini Shivachi alizijua kabla hajazigusa. Nyuzi za katani, zimeng'olewa moja moja na gesi kutoka kwenye maungio, zimesokotana, na katikati yake vipande vya rangi ya kijani. Injini ikizunguka, gesi inazisukuma zinaziba chujio, na penye kuziba panaota barafu. Injini ikizimwa gesi inatulia, nyuzi zinaachia, na mtu akiwasha tena anapata baridi ya muda. Kutoka Mtito mpaka Voi. Ukitazama kwa nje, ni kama unyevu kabisa.

Kosa halikuwa la Muia. Haikuwa hewa yake wala saa zake mbili.

Shivachi alizitia zile nyuzi ndani ya kiberiti kitupu, akakifunga. Siku hiyo hakufanya kazi nyingine.

*

Jioni Nekoye alikuwa anasonga ugali. Shivachi aliketi kwenye kiti kifupi karibu na jiko, akamwambia. Alimwambia habari ya katani. Hakumwambia ile nyingine, ya kusema hakuwa hapo. Nekoye alisonga mpaka akamaliza, akafunika sufuria.

"Baba Jentrix," alisema, "hilo jiko unalootea moto, unajua nimelitoa wapi?"

"Si ni sokoni?"

"Soko gani?"

Shivachi aliinua macho.

"Ni mkono wa Muia," Nekoye alisema. "Mwaka wa tatu sasa. Mama Mutheu huniwekea. Ulipokataa kwenda kule, mimi sikukataa."

Shivachi alitazama jiko. Lilikuwa la bati nje na udongo ndani, na ukingo wake wa juu ulikunjwa mara mbili na kulazwa laini, usimkate mtu. Hivyo ndivyo Muia alivyokuwa akikunja ncha za bomba la shaba. Miaka mitatu alikuwa akipasha mikono yake hapo.

"Na yeye anajua ni lako?" aliuliza.

"Anajua. Huuliza tu kama bado unakohoa asubuhi."

*

Kesho yake alisafisha mabomba yote kwa gesi ya kupuliza, akatupa ile nati iliyolika meno, akachongesha nyingine ya shaba kwa fundi wa Gikomba, akafunga chuma kwa chuma bila uzi wala rangi. Akavuta hewa saa tatu. Akatia gesi nusu tu, akaacha.

"Mbona hujazi mpaka mwisho?" Okello aliuliza.

"Kuna mtu wa kumalizia. Endesha, nitakuonyesha."

Kule Kawangware mafundi wa majiko walikuwa wamepangana mstari mmoja kando ya barabara, na kelele yao mtu aliisikia kabla hajawaona. Walikuwa wanakata madumu ya mafuta, wananyoosha, wanapinda. Muia alikuwa wa tano. Nywele zilikuwa zimekimbia paji, na mabega yalikuwa mapana kuliko zamani. Aliiona Pijo kwanza, halafu akamwona Shivachi akishuka. Aligonga mara mbili zaidi, akaweka nyundo.

"Sasa, Muia."

"Sasa. Umenona."

"Na wewe umezeeka."

"Keti. Si hapo, hapo kuna moto."

Shivachi aliketi. Alitoa kiberiti mfukoni, akampa. Muia alikifungua, akachungulia, akachukua uzi mmoja akausugua. Kisha akaona ile rangi ya kijani.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza hii ni ya maji ama ni ya baridi."

"Nami nikakuambia bomba ni bomba."

Muia alikifunga kile kiberiti, akakiweka juu ya goti. Shivachi alikuwa ameyapanga maneno yake tangu Kibera. Alisimama mbele ya mstari ule wa mafundi, akakohoa, akasema kwa sauti kwamba yeye ni Shivachi wa gereji ya Kibera, kwamba miaka kumi na mmoja iliyopita alimwita Muia mvivu mbele ya watu kwa ajili ya mashine ya baridi ya gari hili, na kwamba kosa lilikuwa la kwake yeye, Shivachi, si la Muia.

Nyundo zilinyamaza moja moja. Fundi wa jirani, Ng'ang'a, alipangusa pua kwa mkono.

"Mashine ya baridi gani?" aliuliza. "Muia huyu?"

"Alikuwa fundi mkubwa wa baridi," Shivachi alisema.

"Wee. Muia ni wa jiko. Muia ni moto tu, baridi ameitoa wapi?"

Wakacheka, bila ubaya. Mmoja akamwuliza Muia kama ni kweli aliwahi kufanya kazi na mafriji, na Muia akasema ni zamani. Nyundo zikaanza tena. Shivachi alibaki amesimama.

"Keti," Muia alimwambia. "Hawa hawajui kitu. Wale walionisikia nikiitwa mvivu wako wapi? Jeconia yuko wapi?"

"Jeconia alikufa. Mwaka wa themanini."

"Awiti?"

"Alirudi kwao Homa Bay."

"Na daktari?"

"Alihamia Uingereza."

Muia alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyehesabu kuku jioni akakuta hawatimii.

"Na mimi nikwambie," alisema. "Katani si kitu. Katani ni makosa, hata mimi ningekosea. Lakini wewe ulikuwa umeegemea gurudumu. Ulikuwa unakula githeri. Uliniangalia nikivuta mpaka mwisho, halafu ukasema hukuwa hapo."

Okello, aliyekuwa ameegemea gari, aliacha kutafuna mua.

"Nilikuwa hapo," Shivachi alisema.

"Sema vizuri."

"Nilikuwa hapo, Muia. Nilikuwa hapo tangu mwanzo."

Muia alitazama barabara. Uso wake haukubadilika. Kisha akauliza, "Umeijaza?"

"Nusu. Nimekuachia."

Aliinuka. Alinawa mikono kwenye karai, akapangusa kidole kwa kidole, akaenda kwenye gari. Okello aliwasha injini. Shivachi aliunganisha mtungi, akashika koki. Muia aliinama chini ya boneti, akapata bomba la kurudi bila kutafuta, akalishika, akafumba macho. Mafundi wawili watatu walisogea kutazama.

Shivachi alifungua koki. Gesi ikaingia ikinong'ona.

"Bado," Muia alisema.

Walingoja.

"Bado."

Shivachi alikuwa karibu sana, na aliona bomba. Lilikuwa limeanza kutoa jasho. Matone yalikusanyika juu ya vidole vya Muia, yakateremka kwenye kiganja, yakadondoka chini. Bomba lilikuwa baridi kama soda. Muia bado alikuwa amefumba macho.

"Bado," alisema tena, lakini safari hii kwa sauti ya kuuliza.

Alibadilisha mkono, akashika kwa kushoto. Alisubiri. Kisha akafumbua macho, akaona yale maji.

"Imefika?" aliuliza.

Shivachi alitamani aseme haijafika.

"Imefika," alisema, akafunga koki mwenyewe.

Muia alivitoa vidole, akavitazama kwa mwanga. Ngozi ilikuwa nene na ya manjano, imechomeka na kupona na kuchomeka tena.

"Sisikii kitu," alisema. "Siku hizi nashika kaa la moto nahamisha, sisikii. Nilikuwa najua, lakini sikuwa nimejaribu."

"Rudi gereji," Shivachi alisema. "Utakaa pale, tutafanya tu."

"Nirudi nikafanye nini? Nikushikie spana?"

Shivachi akakumbuka spana, akaitoa mfukoni, ile yenye mkanda wa baiskeli. Muia aliipokea, akaipima uzito, na kwa mara ya kwanza akatabasamu kidogo. Alirudi kwenye kiti chake, akachukua jiko alilokuwa ameliacha, akaitumia spana kukunjia ukingo wa bati. Ilikaa vizuri mkononi.

"Mwambie Nekoye," alisema bila kuinua macho, "asizime jiko kwa maji likiwa moto. Udongo unapasuka. Namwambia kila mara na hasikii."

*

Wakirudi, Okello alifunga madirisha yote. Baridi ilikuwa kali na ya kutulia, na yeye akawa anapiga mluzi na kuongea habari ya mama yake Nicanor, jinsi atakavyofika Busia kama malkia. Shivachi aliteremsha dirisha la upande wake.

"Mzee, unatoa baridi nje."

"Iache itoke."

Okello alimtazama mara moja, akaacha kupiga mluzi.

Jioni ile Nekoye alipika, wakala. Alipomaliza kuosha sufuria alichota maji kwenye kopo ili azime makaa, maana yalibaki mengi na bado yanafaa kesho. Shivachi alimshika mkono.

"Usimwagie."

"Kwani?"

"Acha yazime yenyewe. Yeye amesema."

Nekoye aliweka kopo chini. Waliketi pande mbili za jiko, makaa yakipungua wekundu. Shivachi alinyoosha mkono, akauweka juu ya ule ukingo uliokunjwa mara mbili, akangoja bati lipoe.